Mauza na Mashine Iliyolishwa

Mauza hasalimii watu kabla ya kusalimia mashine. Akiingia godauni letu, mitaa miwili tu kutoka soko la Kariakoo, kwanza anaweka kiganja juu ya mashine ya kufungasha viungo, anaisikiliza, ndipo ananigeukia mimi na salamu iliyopoa. Nimeshazoea. Mimi ni Husna, nabandika lebo kwenye maboksi, na kutoka mezani kwangu hakuna kinachonipita.

Mauza ni binti wa Kiarabu, wa kule Mchikichini, na baba yake, mzee Zayed, anauza viatu vya mitumba. Alitaka binti yake akae dukani, binti akaenda kusomea umeme wa viwandani. Sasa anazunguka na laptop kuukuu iliyong'oka kitufe cha M, na juu ya baibui anavaa koti la kazi lenye mifuko tisa. Nimeihesabu.

Bosi wetu, mzee Natvarlal, ndiye wa kwanza mjini kumwachia mashine zake, miaka sita sasa. Ndiyo maana asubuhi ile roho yangu haikutulia. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo, mashine ikapoteza vipimo, ikawa inakata pakiti za bizari ya pilau katikati ya picha ya sahani. Kila mteja angepata nusu sahani.

Dawa yake ni kuunganisha laptop na kile kisanduku cha kijivu kinachoiamuru mashine, kisha kurudisha vipimo. Kazi ya dakika kumi. Lakini Urvish, mpwa wa mzee, kijana wa shahada na raba nyeupe, alikuwa na fundi wake wa mkataba anayesubiri simu tu. Mzee akakata shauri: ikifika saa sita mashine haijakata sawa, mashine zote zinahamia kwa fundi wa Urvish, na Mauza asihangaike kuja tena.

Mauza akachomeka waya. Laptop ikasema haioni kitu.

Aliwahi kunieleza kwamba laptop na kisanduku lazima viwe na anwani za mtaa mmoja, vitofautiane namba ya nyumba tu. Basi akabadilisha anwani. Akazima waifai. Akabadilisha waya. Akazima laptop, akaiwasha, akaiita majina ambayo mzee Zayed asingependa kuyasikia. Urvish, aliyekaa juu ya gunia la manjano bila kujali suruali yake, akauliza kwa upole wa kuudhi kama labda laptop na kisanduku wamenuniana. Nilitamani gunia lipasuke.

Saa sita kasoro dakika tano, Mauza aliinama na tochi ya simu kuchungulia tundu la waya. Pembeni yake kuna kitaa cha kijani kinachopaswa kuwaka waya ukiingia vizuri. Kilikuwa hakijawaka tangu asubuhi, naye alikuwa hajakitazama. Nilimwona anauma mdomo. Akachukua kibanio, akavuta kitu, akakifumbata, lakini mimi nilishakiona: punje ya mchele, nyekundu.

Jana yake ilikuwa Dasera, sikukuu ambapo wenzetu Wahindu hupumzisha vyombo vya kazi na kuviombea. Mama Vidya, mke wa mzee, alikuwa ameivisha mashine shada la maua, akaipaka tone jekundu na kuirushia mchele wa rangi hiyohiyo. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, akitutazama.

Waya ukaingia, ta. Kitaa kikawaka, Mauza akarudisha vipimo. Pakiti zikaanza kushuka, kila moja na sahani nzima. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili.

Mzee akauliza kulikuwa na nini. Mauza akajibu kwamba waya haukukaa vizuri, na kwamba kosa ni lake, angeanza kutazama kitaa. Hapo Urvish akasimama.

"Anko, umesikia mwenyewe. Asubuhi nzima, kumbe waya tu. Nampigia jamaa aje."

Mzee akatazama saa ya ukutani, akatazama sakafu. Mauza akaanza kukusanya vifaa vyake, mkono mmoja umefumbwa bado. Nilikasirika hadi nikabandika lebo juu chini.

"Mauza," Mama Vidya akasema, "fungua mkono."

Akafungua. Mama akainuka, akaiangalia ile punje, uso ukamwiva.

"Mchele wangu huu. Mashine wengine niliwarushia tu, huyu nikamwona ana mdomo, nikamlisha kidogo."

"Mdomo ni huohuo, mama," Mauza akasema. "Ila yeye anakula waya."

Mimi nilicheka kwanza, nakiri. Mzee akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Urvish peke yake hakucheka, akakumbusha kwamba hata hivyo saa sita imepita.

"Hizo dakika kumi na mbili nimezila mimi," Mama Vidya akamwambia mumewe. "Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi."

Mzee akaokota pakiti moja, akaigeuza mbele na nyuma, akampa mpwa wake aishike.

"Mpigie mtu wako," akasema. "Mwambie mashine hii ina fundi."