Mchanga Mweupe wa Mama Mkwe

Gasto anauza mchanga. Anauchimba kwenye korongo la huko Issuna, anaupakia kwenye guta lake la matairi matatu na kuuleta Ikungi, na fundi yeyote wa hapa atakwambia kwamba mchanga wa Gasto hauna udongo wala mizizi. Lakini ukimsifia anainamisha kichwa utadhani umemtukana. Zamani nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe mwenzetu alikuwa anaionea haya kazi yake, na kuionea haya kazi inayokulisha ni ujinga, hata kama mwenye ujinga huo ni rafiki yangu.

Ugonjwa huo aliupatia ukweni. Mkewe, Raheli, ni binti wa Mama Agripina, nesi mstaafu, mjane anayeishi peke yake nyuma ya soko. Mama huyo hajawahi kumwambia Gasto neno baya. Alimpa adabu tupu: marahaba, karibu uji, wasalimie nyumbani. Miaka yote hiyo hakumtuma hata kiberiti, na Gasto alielewa kwamba mtu usiyemtegemea humtumi.

Kwa hiyo siku mama alipomwita barazani akamwomba kitu, nusura alie. Mwanawe wa Mwanza, Nathan, alikuwa amemletea tangi la kioo na samaki wa rangi ya dhahabu, wale wa maji baridi yasiyo na chumvi, wanaofugwa kwa kutazamwa tu. Nathan alikuwa anamsihi mama ahamie kwake, eti umri umekwenda. Mama alikuwa amekataa. Nyumba ile aliijenga kwa mshahara wa unesi, tofali kwa tofali, na alisema ataondoka humo akiwa amebebwa. Samaki walikuwa suluhu ya muda, wamchangamshe.

"Nathan anasema chini niweke mchanga au changarawe," mama alisema. "Mimi sijui kipi ni kipi. Mwenye kujua ni wewe, baba."

Gasto alijibu vizuri, tumpe haki yake. Alieleza kwamba changarawe ina mianya, chakula kikidondoka kinajificha humo na kuoza. Kwenye mchanga chakula kinabaki juu, mtu anakiona na kukitoa. Angeishia hapo angepona. Tatizo mchanga wa Issuna una rangi ya chai iliyochujwa vibaya, naye hakutaka kupeleka ukweni kitu chenye rangi ya korongo. Alipopeleka mzigo Singida mjini, akapita ufukweni mwa ziwa Singidani, akajaza kiroba cha mchanga mweupe unaometameta.

Sasa, hapa kwetu hakuna muuza mchanga asiyejua kwamba mchanga wa ziwa lile una chumvi na magadi. Gasto mwenyewe amewakataza mafundi mara nyingi: ukipiga nao lipu, ukuta unatoa unga mweupe na lipu inabanduka. Alijua kabisa. Alijiambia kwamba ziwani nako watu wanavua, na samaki ni samaki. Akauchekecha ukiwa mkavu, ukapendeza, akaupeleka.

"Umeshaoshwa?" mama aliuliza.

"Umeoshwa, mama."

Haukuwa umeoshwa. Aliona kumwomba mama mkwe beseni na maji ni kujishusha, siku ile hasa. Na tangi lenyewe hakuliona. Lilikuwa chumbani kwa mama, nyuma ya pazia, na kwetu mkwe mwanamume havuki pazia lile hata nyumba ikiungua. Hata kuuliza kilichoko huko ndani ni utovu wa adabu. Akaacha kiroba mlangoni, akaenda zake akipiga mluzi.

Samaki walianza kufa kesho yake. Raheli ndiye aliyeleta habari, akiwa na macho mekundu.

"Wameisha wote," alisema.

"Mama anasemaje?"

"Anasema ni yeye. Anadhani aliwalisha akasahau, akawalisha tena. Au alidondosha dawa yake ya presha kwenye maji. Anajaribu kukumbuka, hakumbuki. Analia, Gasto."

Gasto alitoka nje kukagua tairi la guta ambalo halikuwa na shida yoyote.

Jumapili walikwenda kumpa mama pole. Wakakaa barazani, uji ukaja. Mama alikuwa amepungua. Akamgeukia Gasto, akamwambia kwa upole, "Baba, usije ukafikiri ni mchanga wako. Ulikuwa mzuri mno. Kosa ni langu." Gasto akashukuru. Ndiyo, alishukuru, na kikombe akakimaliza. Aliponisimulia alishindwa kunitazama, nami sikumsaidia.

Siku chache baadaye Raheli akamwambia kwamba mama amempigia simu Nathan na kukubali kuhamia Mwanza. Amesema aliyeshindwa kutunza samaki hawezi kujitunza mwenyewe, na kwamba ni heri aondoke kabla hajawasha jiko akalisahau.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliyaficha ya kwake, yakataka kumuumbua mwingine. Gasto alienda peke yake. Alimkuta mama anakunja mapazia, akapiga magoti pale kizingitini, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, ule mchanga ulikuwa wa ziwani. Una magadi. Nilijua. Na sikuuosha."

Mama aliendelea kukunja mpaka pazia likaisha. Kwetu mkwe hagombezwi, na hakumgombeza.

"Nilikuwa silali," alisema. "Nilikuwa najiuliza majina ya wajukuu, mmoja mmoja, nione kama bado ninayo. Wewe ulikuwa umekaa hapo, unakunywa uji wangu."

Gasto anasema angepigwa fimbo angeshukuru zaidi. Mama alimpigia Nathan simu palepale, akamwambia haendi popote, akili zake anazo. Sababu hakuitaja. Kuilinda heshima ya Gasto namna ile kulimchoma kuliko kama angeitangaza sokoni.

Nathan alileta samaki wengine. Gasto akaja na mchanga wa Issuna, wenye rangi yake ileile, akauosha uani kwa mama, beseni baada ya beseni, wapita njia wakimwona, mpaka maji yakatoka safi. Mama alikuwa amesimama pembeni. Akainama, akachota punje chache kwa ncha ya kidole, akaziweka ulimini, akangoja huku akimtazama mkwewe usoni. Kisha akatema.

"Haya," alisema. "Osha tena."