Ferista na Gogo la Maksai

Huko Igamba, kwenye vilima vya Mbozi, mwenye fahali mkorofi huelekezwa kwa mama Ferista. Yeye ndiye huwahasi madume na kuwafundisha kuvuta plau. Kazi hiyo alirithi kwa marehemu mumewe, na waliosema mwanamke hataiweza wameshameza maneno yao, maana ng'ombe wao wenyewe wanamtii yeye kuliko wao.

Basi msimu uliopita mikono ilimgomea. Kila alipofika mwisho wa shamba, pale plau inapoinuliwa ili igeuzwe, ilimponyoka. Mwanawe Lusajo aliona, akangoja mpaka mahindi yakaingia ghalani, kisha akasema kwa upole, "Mama, mvua ya kwanza plau ikikuponyoka tena, Padri na Diwani waende mnadani. Tutakodi trekta."

Padri na Diwani ni maksai wake, na aliyempa maksai jina la Padri alijua alichokuwa anafanya. Maksai mzee akifika mnadani, safari yake inayofuata ni buchani. Ferista hakulia mbele ya mwanawe. Alikwenda kulia zizini.

Mke wa Lusajo, Atuganile, alikuwa mkwe mwema kupita kiasi. Aliyelelewa vizuri hamwachi mama mkwe abebe ndoo huku yeye akitazama. Kwa hiyo alimpokea ndoo, akampokea jembe, akampokea hata kuni mbili tatu. "Pumzika, mama, utunze nguvu," alimwambia. Hadi hapo Ferista alikuwa amepumzika mwaka mzima, na hizo nguvu zilizotunzwa hakuna aliyejua zimewekwa wapi.

Mwishowe akaenda zahanati. Muuguzi Tumpale alimpima, akamwuliza kama bado anaona siku zake. Zilikuwa zimekoma tangu mwaka juzi. Tumpale akamweleza kwamba homoni za kike hazikuwa za uzazi peke yake, zilikuwa pia zikiisaidia misuli na mifupa, na zikipungua, misuli nayo hunywea. Wanaume wana zao, ndizo zinazowajaza vifua wakibalehe.

Ferista akafikiri kidogo. "Kwa hiyo nimehasiwa."

Tumpale alicheka hadi akavua miwani. "Umri ndio umekuhasi, mama. Lakini misuli bado inasikia kazi. Ipe mzigo, anza na mdogo, ongeza polepole. Na ule mayai na maharage."

Njia nzima ya kurudi alijicheka. Jambo hilo alilijua miaka yote, ila kwa ng'ombe. Fahali aliyehasiwa hupungukiwa shingo ile nene. Ukimwacha malishoni ananona tu, halafu kilima kidogo anahema. Lakini kidonda kikipona ukamfunga gogo dogo, kisha kubwa zaidi, huyo atalima mpaka jioni, wakati fahali ameshajichosha kwa ugomvi.

Asubuhi yake alijifunga kamba kiunoni, akaburuta gogo dogo la kufundishia maksai.

"Mama Lusajo, leo nani kakufunga nira?" jirani yake Enesi akauliza kutoka kwenye mibuni.

"Nimejifunga mwenyewe, na sihitaji fimbo."

Atuganile akaja mbio kumpokea kamba. Safari hii Ferista hakuiachia. "Mwanangu, heshima yako inanimaliza." Binti wa watu aliangua kilio akidhani amefukuzwa, ikabidi aketishwe kwenye gogo hilohilo na kuelezwa habari ya homoni, ya maksai na ya ndoo.

Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikauzwa, na gogo likabadilishwa kwa kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko hilo. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Yeye hakuchoka, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Lusajo alikwenda kusimama mwisho wa shamba, mikono kifuani. Maksai walifika. Plau iliinuka, ikatetemeka kidogo, ikageuka, ikazama tena udongoni. Padri hata hakuangalia nyuma. Lusajo alitazama hivyo mara kadhaa, kisha akaenda nyumbani kuchukua mbegu.

Jioni Atuganile alirudi kutoka kisimani na ndoo mbili. Alipiga goti akamwamkia mama mkwe wake, kisha akaiweka moja mbele yake, imejaa mpaka juu.

"Mama," akasema, "hii ni yako."