Mama Hapana na Kasi ya Shemeji Yake

Asubuhi, madirisha ya ofisi hayajafunguliwa, na Mama Hapana ameshaikazia macho kompyuta. Amekunja uso kama mzazi aliyesikia watoto wamenyamaza ghafla chumbani.

Jina hilo wamembandika wenzake. Anakagua mabadiliko ya programu ya hifadhidata inayotunza rekodi za wagonjwa katika hospitali kadhaa. Bila idhini yake, hakuna badiliko linalotoka.

Leo kuna pendekezo la kache: majibu yanayoulizwa mara kwa mara yawekwe karibu, programu isiende kuyachimbua upya. Kasi imepanda mara tatu. Majaribio yote yamefaulu.

"Yote?" anaguna. "Hata moja halikuchechemea? Hapo ndipo panaponinukia vibaya."

Mwandishi wa pendekezo ni mume wa mdogo wa Mama Hapana, fundi programu ambaye bado hajathibitishwa kazini. Pendekezo likikataliwa, huenda akaonyeshwa mlango.

"Shemu, unasoma au unapekua kama polisi?" anatania, akivuta kiti.

"Polisi hulala. Kaa hapo."

Zamani Mama Hapana alikuwa mpimaji damu hospitalini; lebo ya chupa aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Siku hizi huanza na mistari ya programu iliyofutwa.

"Mtu hujisifia alichojenga," anasema. "Alichobomoa hukipitisha kimyakimya."

Na kweli, kati ya iliyofutwa upo mstari mfupi: amri ya kuziambia kompyuta nyingine zitupe jibu la zamani rekodi inapobadilika.

"Ulikuwa unachelewesha," shemeji anajitetea.

Majaribio yake yalitumia kompyuta moja tu. Mama Hapana anawasha mbili. Kwenye ya kwanza anasahihisha kundi la damu la mgonjwa wa kubuni. Ya pili inajibu fasta, bila aibu: kundi lile lile la zamani.

Shemeji anainamia skrini. "Baada ya muda mfupi itajirekebisha."

"Na muuguzi mwenye chupa ya damu mkononi, nani atamwambia asubiri?"

Mama Hapana anabonyeza: limekataliwa.

"Mdogo wako atanilaza sebuleni."

"Makochi yenu ni laini. Nimeyakalia."

Mchana anamwomba mkuu wao amwongezee shemeji wiki moja, aurudishe mstari na kuandika jaribio la kompyuta mbili. Mkuu anakubali shingo upande.

Mama Hapana anatumaini kijana atathibitishwa. "Ana kichwa kizuri," anakiri. "Ila akilileta tena, nitalisoma kama mtu ambaye hakucheza kwenye harusi yake."