Bi Enid na Ukuta Usio wa Haraka

Miaka kumi na minane nimekaa ukuta kwa ukuta na Enid Thackray, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilalamika. Ukimuuliza hali, hata kama mvua imemlowesha mpaka soksi na goti linamuuma, atakujibu, "Sijambo, mwanangu. Wapo walio na hali mbaya zaidi." Mwanzoni nilidhani ni adabu. Baadaye niliona ni ugonjwa, na huku ughaibuni mji mzima unao.

Nyumba zetu ni za kupanga, za halmashauri, safu moja ndefu juu ya kilima, na chini yake viwanda vya sufu ambavyo siku hizi havitoi moshi. Bi Enid alifanya kazi huko miaka thelathini na mmoja, kwenye chumba cha kurekebisha. Kitambaa kikitoka mashineni, yeye alikipapasa kwa vidole, akatafuta uzi uliokatika, akaushona kwa sindano mpaka hata muuza suti asijue kwamba pale palikuwa na kosa. "Kazi nzuri ni ile isiyoonekana," aliniambia. Hakuolewa. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, Lionel, mdogo wake, aliyeishi peke yake kwenye fleti ya halmashauri ng'ambo ya mji, mabasi mawili kutoka kwetu.

Kila Jumapili saa kumi jioni walipigiana simu, wiki hii zamu ya huyu, wiki ijayo zamu ya yule. Kuta zetu ni nyembamba na mimi sina masikio ya kuazima, kwa hiyo nilisikia yote. Walizungumza habari za mvua, kisha mpira, kisha bei ya siagi. Mwisho Bi Enid alisema maneno yaleyale:

"Wakishamaliza ukuta, Lionel, utakuja tule chakula cha Jumapili."

Ukuta huo ulikuwa wa chumba cha kulia. Bomba la maji ya mvua lilipasuka kwa nje, maji yakaingia, ukungu mweusi ukaanza kwenye kona, ukubwa wa sahani. Mwaka wa pili ukafika darini. Bi Enid alisogeza kabati mbele ya ukungu, kabati lilipozidiwa akatundika pazia, lakini harufu haifunikwi kwa pazia. Sahani za mama yao zenye maua ya buluu alizifunga kwenye magazeti zisishike unyevu, na meza akaiegemeza ukutani. Alikula jikoni, amesimama. Ndugu yake aone nyumba ile katika hali ile? Afadhali afe.

Nilimwambia, "Bi Enid, kwetu Tanga tunasema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta ni wa halmashauri, Siwatu. Waujenge wao."

Nikamkalisha kwenye kiti, nikampa simu. Mimi nikipigia halmashauri, jirani wa tatu anajua nimepiga. Bomba langu la jikoni lilitengenezwa siku ileile kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini kwa nyumba ya mtu mwingine hawakusikilizi. Lazima mpangaji aseme mwenyewe. Sheria yao ina mafungu matatu: dharura, siku moja; haraka, siku saba; kawaida, siku ishirini na nane, ambazo kwa kalenda yao ni karibu mwaka. Nikamfundisha la kusema. Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

"Chumba unaweza kukitumia, bibi?" sauti ya simu ikauliza.

Nikamkanyaga mguu.

"Naam, vyumba vingine ninavyo," akasema Bi Enid.

"Una tatizo la kifua?"

"Kikohozi kidogo tu. Nani hakohoi?"

"Tuandike ni haraka?"

"Aa, hapana, mwanangu. Hakuna haraka. Wahudumieni kwanza wenye watoto."

Nilitoka nikaenda kusugua masufuria ambayo tayari yalikuwa safi.

Baada ya miezi saba fundi alikuja. Bomba la nje hakuligusa, kwa kuwa halikuandikwa kwenye karatasi yake. Akafuta ukungu kwa dawa, akapaka rangi, akamwachia Bi Enid fomu ya kuridhika yenye maswali matano na visanduku vya Ndiyo na Hapana. Pasaka ilipofika ukungu ulikuwa umerudi na jamaa zake. Nikauliza fomu ile aliijazaje. Alikuwa ameweka alama ya Ndiyo kote, hata palipoulizwa kama tatizo limekwisha.

"Bi Enid! Ukuta unalia machozi!"

"Alikuwa mtu mwema, Siwatu. Alivua viatu mlangoni."

Kwa vile visanduku vitano ofisi ikafunga faili: kazi imekamilika, mpangaji ameridhika. Ikabidi tuanze upya, na akaandikwa tena kawaida. Fundi wa pili alikuja, akanywa chai, akapaka rangi, na Ndiyo zikawa kumi. Kisha wakatuma kikaratasi kinachomshauri mpangaji afungue madirisha. Januari, na baridi ile! Nilikichana mbele ya yule mwanamke wa watu, naye akaokota vipande.

Kilichoniuma zaidi ni Lionel. Kwa sababu kila Jumapili, dada yake akishamaliza habari ya ukuta, yeye alijibu, "Sawa, dada. Na mimi nitakuita kwangu. Ngoja kwanza kidogo." Hakumwita. Miaka minne ikawa mitano, mitano ikawa sita. Siku moja Bi Enid alikuwa akimenya viazi kwangu, akasema bila kuinua macho, "Nadhani hataki niende kwake. Huenda nilimchosha tulipokuwa wadogo. Nilikuwa mtu wa kuamrisha." Akaendelea kumenya. Nilitaka kumshika mkono, ila kwao mtu hashikwi mkono hivihivi, nami nimekaa nao mno. Nilimwacha na upweke wake, najuta mpaka leo.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumapili saa kumi, simu haikulia. Ilikuwa zamu ya Lionel. Nilimsikia Bi Enid akikohoa saa kumi na nusu, akiwasha birika saa kumi na moja, akilizima. Kwa nini usimpigie wewe, nikamuuliza kesho yake, akanijibu haikuwa zamu yake na hakutaka kumsumbua. Mchana msimamizi wa jengo la Lionel akapiga. Alimkuta kwenye kiti, moyo umesimama tangu Jumamosi.

Kwetu nyumba ya msiba hujaa watu mpaka unakosa pa kulilia. Kwenye mazishi ya Lionel tulikuwa saba, pamoja na mchungaji. Bi Enid aliwashukuru wote kwa kuja katika baridi ile.

Halmashauri ilitaka funguo ndani ya wiki nne, fleti ikiwa tupu. Nikaomba ruhusa jikoni kwenye shule ninakopika, tukapanda mabasi mawili na mifuko ya taka. Bi Enid alivaa koti lake la kanisani. Alifungua mlango, nami kabla ya kuvuka kizingiti nilishajua, maana harufu ile nimeishi nayo.

Sebuleni kabati lilikuwa limesogezwa mbele ya ukuta. Juu ya kabati lilitundikwa blanketi. Bi Enid alilishika kwa vidole vyake viwili vya kazi, akaliinua. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi darini.

Alikwenda jikoni na mimi nikamfuata. Ndani ya kabati la vyombo palikuwa na sahani mbili mpya, zina vibandiko vya dukani, na kitambaa cha meza kilichokunjwa hakijafunguliwa. Kwenye friji pamebandikwa barua ya halmashauri, kazi ya kawaida, tarehe nne zimekatwa na ya tano imeandikwa kwa kalamu. Na kwenye kalenda, kwenye tarehe hiyo ya tano, kwa mwandiko wa Lionel: *Ukuta. Kisha nimwite Enid.*

"Alikuwa anaona aibu," akasema Bi Enid. "Siwatu, na yeye alikuwa anaona aibu tu."

Tarehe hiyo ya tano ilikuwa siku ileile. Bado tumesimama hapo, mlango ukagongwa. Fundi, na boksi lake, na karatasi mkononi.

"Kwa Bwana Thackray? Nimekuja habari ya unyevu."

Nilifumbua mdomo. Mpangaji akifa, kazi yake hufutwa, nyumba inapangwa kwenye orodha nyingine, hilo nalijua; hii walisahau kuifuta. Bi Enid akanitangulia.

"Ndipo hapa. Ingia, mwanangu. Chai yako sukari ngapi?"

Alikaa kwenye kiti cha Lionel, koti limefungwa vifungo vyote, akamtazama fundi kwa saa tatu. Fundi alibomoa kipande cha plasta, akapata bomba linalovuja, akabadilisha, akasugua, akaziba, akapaka rangi. Ukuta ukawa mweupe pe.

"Kazi yenyewe ndogo," akasema akifuta mikono. "Bomba tu. Mzee angesema ni haraka tungekuja wiki ileile."

Bi Enid alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilitazama dirishani, sikuweza kutazama kwingine.

Fundi akatoa fomu. "Mwenyewe hayupo, nijazie wewe, bibi. Kawaida tu." Nikamwona akiweka alama. Fundi alikuwa nadhifu? Ndiyo. Alikuwa na heshima? Ndiyo. Alisafisha alipochafua? Ndiyo. Tatizo limekwisha? Akanyanyua macho kwenye ukuta, akaona ni kweli. Ndiyo.

Swali la tano liliuliza kama kazi ilifanyika kwa wakati. Kalamu ikasimama hapo muda mrefu. Kisha akaweka alama kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

Fundi akaisoma, akatabasamu kwa upole. "Bibi, hapa umekosea kisanduku."

"Sijakosea," akasema Bi Enid.