Siku Niliyopeleka Rubisi kwa Baiskeli ya Resi

Chekeni tu, nimeshazoea, lakini mpaka leo nikienda Mabira kwa wakwe sipiti barabarani kama watu, nazunguka nyuma kwenye migomba, kwa sababu watoto wa pale wakiniona tu wanainama, wanabinua makalio na kufanya "pssss!", na siwezi hata kuwakemea maana nilijitakia mwenyewe.

Mnanijua, natengeneza simu pale Kaisho senta, na kijana wa simu lazima aonekane (ndivyo nilivyojidanganya), kwa hiyo nilipoiona baiskeli ya resi ya mtumba, nyekundu, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, nikasema hii ndiyo yangu. Baba aliizunguka, akaibonyeza tairi, akauliza, "Keria iko wapi?" Nikamwambia hii haibebi mizigo, baba, hii ni ya mwendo. Akasema, "Huku kwetu baiskeli haichaguliwi kwa sura, inachaguliwa kwa mzigo na njia." Nikacheka. Yeye ana ile nyeusi yake, chuma kitupu, keria pana, imebeba mikungu ya ndizi tangu sijazaliwa, na ikipita inalia kwi kwi kwi, na kusema kweli nilikuwa naionea haya.

Basi ikafika siku ya kujitambulisha kwa kina Kemilembe, mchumba wangu. Taratibu zetu mnazijua: mshenga na baba mdogo wanatangulia, lakini rubisi, pombe iliyokamuliwa kwenye ndizi za baba yako, unaipeleka mwenyewe na kuitoa kwa mkono wako, na wazee wa binti wasipoionja hakuna neno linaloanza. Na Ta Rwehumbiza, baba yake Kemilembe, alishamrudisha mposaji mmoja kabla yangu, eti mtu wa maonyesho. Nikiharibu siku ile, sina Kemilembe. Asubuhi yenyewe Kemilembe alinipigia simu, "Chukua ya baba yako, nakuomba. Usije na hiyo nyekundu." Nikamjibu sawa mke wangu (mke gani, hata pombe haijafika!).

Baba alikuwa ameshaipangusa ile nyeusi, ameiegemeza ukutani, kamba ya mpira tayari kwenye keria. Nikaiangalia, nikajiwazia nikipita nayo senta siku ya posa yangu, nimevaa suti, kwi kwi kwi. Aka! Nikasema nyekundu itawahi zaidi. Baba akaifungua ile kamba taratibu, akaizungusha mkononi, akaingia ndani.

Sasa resi haina pa kufunga dumu, nikachukua kitenge cha mama nikalibeba mgongoni kama mtoto. Mdomo wa dumu ulizibwa kwa jani la mgomba, kama inavyotakiwa, maana rubisi changa bado inachemka na lazima ipumue. Lakini usukani ule unakulazimisha uiname, na nilipoinama tu nikasikia ubaridi shingoni, kola imelowa. Nikang'oa jani, nikakaza kifuniko cha plastiki kwa nguvu zangu zote. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojimaliza.

Njiani kila jiwe nililisikia kwenye meno, tairi zinateleza kwenye changarawe, dumu linatikiswa, na nikaanza kulihisi linavimba mgongoni kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba majani mabichi. Kwenye mlima nikashuka nikasukuma, na nilipopanda tena kwa haraka suruali ya suti ikaachia nyuma, praaa, kutoka kiunoni mpaka huku. Nikajipa moyo kwamba koti litafunika (koti lifunike nini, na mtu ameinama vile!). Bodaboda mmoja alipunguza mwendo akaniita, "Kaka, panda, na baiskeli tuifunge hapa nyuma." Nikakataa. Mimi wa kufika ukweni nimebebwa?

Kwa Ta Rwehumbiza ni chini ya mteremko. Nikiwa juu niliwaona wote uwanjani, wazee kwenye viti, akina mama pembeni, kahawa imeanikwa kwenye turubai, nikasema nitashika breki kwa madaha pale mbele yao. Nikashika. Magurudumu yakasimama, baiskeli haikusimama. Ikapanda kwenye turubai, kahawa ikanitelezesha kifudifudi mpaka miguuni kwa mama mkwe, na kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, anamsalimia kwa mbali! Hapo hapo kifuniko kikafyatuka, POO! Povu likaruka juu, likashuka kwenye vitenge vya akina mama, kwenye kahawa, kwenye kisogo changu. Nimelala pale, suruali wazi kwa wazee, nikaona angalau niwe na adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, ameshageuka, amejifunika uso.

Shangazi mmoja akapiga yowe, "Waitu! Mkwe anatoa povu!" Uwanja mzima ukacheka, isipokuwa watu wawili. Kemilembe alikuja na khanga akanitupia nijifunge, akaninong'oneza, "Leo umeionea haya baiskeli ya baba yako. Kesho utamwonea haya nani, mimi?" Na Ta Rwehumbiza akaniuliza, "Baba yako ameuza ile nyeusi?"

"Hapana, mzee. Ipo."

"Siku tunamzika mama yangu ilifika hapa na mikungu, mvua inanyesha, na mimi hata sikuwa nimemwita baba yako. Nilipomkubalia mshenga wako nilikuwa naifikiria hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuokota kahawa punje kwa punje. Mshenga akaokota kofia yake, safari imeisha.

Ndipo tukasikia juu ya mteremko: kwi, kwi, kwi.

Baba alikuwa anashuka kwa miguu, ameishikilia ile nyeusi kwa breki, dumu la pili kwenye keria, mdomo wa dumu umezibwa kwa jani, pombe haijamwagika hata tone. Wazee wote walisimama. Akaiweka kwenye stendi, akafungua kamba, akaniangalia, mimi na khanga yangu na povu langu, akasema, "Sijaja posani. Nimeleta dumu tu. Shika, uwape mwenyewe."

Nikashika. Nikamimina, nikampa mzee kwa mkono wangu. Ta Rwehumbiza akaonja, akaonja tena, ndipo maneno yakaanza.

Jioni tulirudi kwa miguu, nyekundu imefungwa juu ya keria ya nyeusi, gurudumu limepinda, na tulipopita senta watu waliuliza na baba akawa anawasalimia tu. Hajanikumbusha hata siku moja, na hiyo ndiyo inayoniuma. Resi sitapanda tena maisha yangu. Na siku hizi nikisikia kwi kwi kwi pale senta, hata kama nimefungua simu ya mteja, naiacha mezani, natoka kwenda kumpokea baba mzigo.