Pombe ya Bruda Ilivyomlowesha Mchungaji

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Kings Heath, huku ughaibuni, alikuwa mtawa mstaafu. Sikujua watawa hustaafu. Nilidhani huendelea tu mpaka Mungu awaite. Lakini nyumba yao ya utawa ilifungwa kwa kukosa vijana wa kujiunga, wazee wakatawanywa, na yeye akaja kuishi na mpwa wake, mwanamke mmoja aliyeshinda kazini. Mimi nilifika kila asubuhi kumsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Nilimwita Bruda, kama tunavyowaita kwetu Kenya.

Siku moja nikamuuliza, "Bruda, kule mlikopangiwa kazi, wewe ulipewa ipi?"

Nilitarajia aseme bustani, au kengele.

"Kupika pombe," akasema.

Mimi ni mwimbaji katika kanisa ambalo hata sharubati ikikaa sana kwenye friji tunaitazama kwa mashaka. Nikakaa kitandani kwake bila kualikwa.

Akanieleza bila haya yoyote. Zamani maji ya mjini yaliwaharibu watu matumbo, lakini yaliyochemshwa na kimea hayakuwa na shida, basi watawa wakapika. Mgeni akipiga hodi, alipewa. Mgonjwa alipewa. Na Kwaresima, walipofunga, walipika pombe nzito kama uji, kwa hoja kwamba kinywaji hakivunji mfungo.

"Na wakubwa wa kanisa walikubali hoja hiyo?"

"Wanasema pipa moja lilipelekwa Roma, Baba Mtakatifu aonje. Safari ndefu, joto kali, pombe ikafika imeharibika. Akaonja, akakunja uso, akasema: hii yenyewe ni adhabu, waacheni wanywe."

Sijui kama ni kweli. Nilicheka mpaka nikawa namvisha soksi mkononi.

Alitamani kupika mara moja tu tena, ila mikono yake ilitetemeka. Mpwa wake akakubali, mradi jiko lisafishwe. Kwa kuwa sikujua lolote, nikamwita jirani yangu, mama kutoka Bukavu aliyekulia kwenye nyumba ya kupika kasiksi, pombe ya ndizi. Mama alikuja na mwiko wake mwenyewe. Alipoona gunia la shayiri, akasikitika.

"Frère," akamwita Bruda kwa Kifaransa, "ndizi iko wapi?"

"Hakuna ndizi, mama. Shayiri, maji, hamira na maua machungu ya hopi."

"Hii haiko pombe. Hii ni chakula ya kuku."

Bruda alikuwa na sharti moja: wakati wa kupika hakuna kusema. Ndivyo walivyofanya katika nyumba yao ya utawa, wakielekezana kwa ishara za mikono. Akatufundisha chache, tukaanza. Ilikuwa balaa. Aligusa kidevu chake, nikamletea kitambaa cha kujifuta. Kumbe alitaka hopi. Alizungusha ngumi, maana yake koroga, Mama akaelewa tucheze, akaanza kukata kiuno pale kwenye sufuria, na Bruda, masikini, akashindwa kunyamaza kwa kicheko.

Siku ya kutia pombe kwenye chupa, nilimwona Mama akiponda kitu kwenye bakuli, kisha akitia kijiko cha hicho kitu na konzi ya sukari katika kila chupa. Nikafungua mdomo kumuuliza. Akaweka kidole midomoni: sheria ni sheria. Nikafunga mdomo. Chupa tukazipanga katika kabati lenye tangi la maji moto, chumbani kwa Bruda, zipate joto.

Mchungaji wetu alikuwa amesikia kwamba namhudumia mzee dhaifu, akaomba kuja kumwombea. Bruda akasema maombi hajawahi kuyakataa. Basi Jumapili moja, kabla ya ibada yetu ya alasiri kule Washwood Heath, Mchungaji akaingia na suti yake ya rangi ya krimu, Mama nyuma yake. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Bruda. Mchungaji wetu haombi kwa kunong'ona.

"Kila kilichofungwa katika chumba hiki," akanguruma, "kifunguke!"

*Pa!*

Kabati likatikisika. Mchungaji akafumbua jicho moja, akalifumba, akapandisha sauti.

"Nimesema kifunguke!"

*Pa! Pa!*

"Dada," akaniambia, "humu ndani mna kitu."

"Ni shayiri," akasema Bruda kwa upole.

"Ni ndizi," akasema Mama, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Kabla sijamzuia, Mchungaji akaufungua mlango wa kabati kwa jina la Yesu. Chupa ya karibu ikang'oka kizibo, povu likampata usoni, kifuani, hadi kwenye viatu.

Ibada ilikuwa inakaribia na suti ilikuwa inanuka kama baa. Nguo za mpwa hazikumfaa. Kilichomkaa vizuri ni joho jeusi la utawa la Bruda, lenye kofia mgongoni. Hivyo ndivyo tulivyopanda basi: mimi, Mama, na mchungaji wa kilokole aliyevaa kama mtawa. Bibi mmoja Mwairishi akampisha kiti na kumwomba baraka. Akambariki, angefanya nini?

Kanisani watu wote waligeuza shingo alipoingia. Akapanda madhabahuni akasema ukweli wote, kabati, ndizi na povu, na watoto wakacheka hadi mzee wa kanisa akalazimika kutoka nje, si kwa hasira, bali kwa sababu naye kicheko kilikuwa kimemshinda.

Bruda na Mama walinuniana siku kadhaa kwa sababu ya ndizi hizo. Kisha wakafungua chupa zilizosalia, nje, zimefunikwa kwa blanketi. Bruda akaonja, akatafakari, akamuuliza Mama ndizi zinatakiwa ziive kiasi gani.

Mchungaji alilirudisha joho wiki iliyofuata, limefuliwa na kupigwa pasi. Alisema hakai. Nilipomaliza zamu, yeye na Bruda walikuwa bado wanabishana kuhusu Kwaresima, na Mama alikuwa anawamenyea ndizi.