Kinyozi Aliyeipaka Injini Poda

Mume wangu hawezi kuona kitu kinaning'inia akakiacha. Uzi ukichomoza kwenye pazia, lazima aukate. Kitambaa cha meza kikilegea upande mmoja, atainuka katikati ya chakula akinyooshe. Mtaa mzima unamwita Makasi, na siku hizi hata mama yangu mzazi anamwita hivyo. Ukitaka kumjua, mtazame anavyonyoa. Mteja ameshajikung'uta, ameshaanza kuinuka, Makasi anamrudisha kitini kwa kidole kimoja, kwa sababu nyuma ya sikio umebaki unywele. Nimeishi na tabia hiyo miaka mingi nikaizoea, wala sikujua kwamba siku moja ingetaka kutuulia pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuja baada ya kibanda chake kuvunjwa ili barabara ipanuliwe. Makasi hakulalamika. Alikaa sebuleni akinoa nyembe ambazo hazikuwa na wa kumnyoa, kisha akasema kama wateja hawana pa kuja, basi yeye atawafuata. Akatoka, akarudi na kitu kikuukuu, tangi limefifia rangi, kiti kimeshonwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kushika sindano. Kikawa kinalala sebuleni, maana uani kwetu hata ndoo haikai salama. Nikanuna. Nilimwambia wazi kwamba kama ni mke mwenza angeniachia nimchague mwenyewe, na ningechagua asiyenuka petroli.

Makasi alicheka, akaiosha kutwa nzima. Aliisugua mpaka ndani ya mapezi, yale mabati membamba ya kupoozea injini, akaikagua mbele na nyuma kama bwana harusi aliyekuja kunyolewa. Nilimwona ameinama chini yake na makasi na kipande cha waya, nikadhani anaondoa takataka. Nikaenda zangu jikoni.

Katika kazi zote alizozitafuta, moja ndiyo iliyomkaa rohoni. Nje ya mji, juu kilimani, kuna hospitali yenye wodi ya wazee wanaolala muda mrefu. Humo alikuwamo Mzee Wembe, kinyozi aliyemfundisha Makasi kazi tangu hajui hata kushika chanuo. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja. Ndevu zilikuwa zimemjaa usoni, na hakutaka mtu amguse. Wauguzi wakisogea na wembe anageukia ukutani. Wageni wakija anajifunika shuka mpaka kichwani. Mtu aliyetumia maisha yake kusafisha nyuso za wenzake alikuwa anauonea aibu uso wake mwenyewe. Makasi alipopata habari hizo alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, nami nikajifanya sikuyaona. Alimpigia simu sista mkuu wa wodi, wakakubaliana aende kila Ijumaa kuwanyoa wazee wote, akianzia kwa mwalimu wake.

Ijumaa ya kwanza aliondoka na koti lake jeupe lililopigwa pasi, mkoba wa vifaa na kiti cha kukunja vimefungwa nyuma. Basi la huko linaishia njia panda, na mlima unaobaki si wa kupandwa na kiti mgongoni. Nilimtegemea jioni, akarudi adhuhuri. Koti lilikuwa na oili kuanzia pindo hadi kiunoni. Suruali imelowa, na taulo ndani ya mkoba zilinuka gereji. Pikipiki ilikuwa imetema njia nzima, na upepo ukamrudishia yeye.

Sista mkuu alimzuia mlangoni. Alimwambia kwa upole kwamba ile ni wodi ya wagonjwa, haingiwi hivyo. Angempa nafasi Ijumaa inayofuata, basi. Akija tena na oili mwilini, ataletwa kinyozi mwingine, na mzee akikataa itabidi washirikiane kumnyoa hivyo hivyo, kwa sababu ngozi chini ya zile ndevu ilikuwa imeanza kutoka vidonda.

"Watamshika mikono," Makasi aliniambia, amekaa kitandani na viatu vyake. "Mzee Wembe ashikwe mikono kama mtoto."

Hapo kununa kwangu kuliisha. Niliikodolea macho ile pikipiki pale sebuleni, nikaiapia kwamba itakauka, itake isitake.

Tukamwita fundi wa mtaani kwetu, rafiki wa Makasi, anayeitwa Tutaona kwa sababu hilo ndilo jibu lake la kila swali. Tutaona alitandika kipande cha boksi chini ya injini, akawasha, akasubiri. Tone likadondoka kutoka kwenye bolti ya kumwagia oili, chini kabisa. Akabadilisha wosha, ile pete ya bolti, tukafurahi. Kesho yake boksi lilikuwa na madoa tena. Akafungua kifuniko cha pembeni, akaweka gasketi mpya, ile karatasi ngumu ya kuzibia, na gundi juu yake, tukafurahi tena, na boksi likatuumbua tena. Kila akiziba huku, inatokea kule. Mwisho alijifuta mikono akasema chuma nacho kinazeeka, dawa ni kuishusha injini yote na kuifungua. Nikamuuliza kama ataimaliza kabla ya Ijumaa. Mnajua alichonijibu.

Alhamisi asubuhi Makasi hakunywa chai. Alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki, anaitazama kwa namna anavyomtazama mteja mwenye kichwa kigumu. Tutaona alipofika, Makasi alisema tangu mwanzo tulikuwa tunakosea. Tulikuwa tunatazama inapodondokea. Jasho la mteja hudondoka kidevuni, alisema, lakini hakuna mtu anayetoka jasho kidevuni. Linaanza juu kwenye paji la uso, linateremka. Sasa yeye ataiosha injini ikauke kabisa, kisha ataipaka poda kama anavyopaka shingo, na poda ndiyo itakayosema unyevu unaanzia wapi.

Tutaona alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayehusika na akili za mume wangu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusikia wazo jipya. Nilikwenda kuleta ndoo.

Tuliiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kwa mswaki mahali ambapo mkono haufiki. Tukaikausha kwa matambara, tukaiwasha kidogo joto lifukuze maji, tukaiacha ipoe. Makasi akatoa kopo la poda. Mara ya kwanza alimimina kwa pupa, wingu likatufunika sote, Tutaona akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka. Tukaanza upya. Safari hii alitumia ile brashi laini ya shingoni, akagusa polepole, mpaka injini ikawa nyeupe pande zote kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Majirani walianza kukusanyika. Mmoja aliuliza kama leo pikipiki inakwenda harusini, nikamjibu kwamba ndiyo, na yeye hakualikwa.

Makasi aliizungusha uwanjani kwetu taratibu, maana ukikimbia upepo unaipeleka oili nyuma na kuchafua ushahidi. Mzunguko mfupi, akasimama. Tukainama wote watatu, vichwa vikagongana.

"Hii hapa," alisema Tutaona.

Juu kabisa, kwenye kiungo cha kifuniko cha vali, poda ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Doa dogo tu, na chini yake mstari mwembamba unaoteremka kuelekea kule tulikohangaika siku zote. Nilipiga makofi bila kujijua. Tutaona alikuwa ameshashika spana. Lakini Makasi alikuwa amekwenda kuleta kile kioo cha mkononi anachowaonyesha wateja visogo vyao, akakipitisha nyuma ya injini. Akakigeuza, akakipitisha tena. Kulikuwa na doa jingine kwenye sili, ule mpira unaoziba ekseli ya giya, karibu na mnyororo. Na jingine pembeni, palepale palipowekwa gasketi mpya. Yote mabichi, yote yametoka kwa wakati mmoja.

Makasi aliketi chini vumbini na koti lake. Na mimi, badala ya kumfariji, hasira zikanipanda. Niliiambia ile pikipiki kwamba ina roho mbaya, kwamba inavuja kila upenyo kama sufuria uliyoifunika ukaiwekea jiwe juu, povu likakosa njia.

Tutaona alikuwa anaokota spana zake. Akaacha.

"Shemeji, umesemaje?"

Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi, maana nilidhani anataka kugombana. Hakutaka kugombana. Alizunguka pikipiki mara moja, akachungulia juu, akachungulia chini. Akatueleza kwamba injini inapumua. Ndani mna hewa inayosukumwa kila pistoni inaposhuka, na ipo njia yake ya kutokea, mpira mwembamba unaoning'inia nyuma. Njia ile ikizibwa, hewa inasukuma oili itokee popote palipolegea, hata kwenye gasketi ya jana. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Makasi, mpira wa kupumulia uko wapi?"

Nimemjua mume wangu siku nyingi. Najua sura yake akiwa na njaa, akiwa amechoka, akiwa na habari mbaya. Sura ile sikuwahi kuiona.

"Ule uliokuwa unaning'inia?" aliuliza.

Alikuwa ameukata. Siku ile ya kwanza, anaiosha, aliona kipande cha mpira kimelegea nyuma ya injini, kinadondosha tone moja moja. Akakipunguza kwa makasi, akakikunja, akakifunga kwa waya, akaficha fundo nyuma ya fremu lisionekane. Tutaona aliingiza mkono akapapasa, akautoa nje tuuone. Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi safi sana.

Tutaona alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijitahidi kujizuia, maana ni mume wangu, nikashindwa. Makasi alitutazama, mdomo ukaanza kumcheza, naye akaangua kicheko kuliko sisi sote, poda imemjaa kwenye nyusi. Kinyozi hajinyoi, nilimwambia, na hiyo ndiyo methali pekee ambayo hajanibishia mpaka leo.

Waliiwasha kwanza, kisha Tutaona akaukata ule waya. Mpira ulitoa pumzi ndefu, tssss, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Akauondoa, akaweka mpya mrefu unaoelekea nyuma mbali na miguu. Akabadilisha na gasketi ya juu, kwa sababu hiyo ilikuwa imeshapasuka kwa kusukumwa. Tukaosha tena, tukapaka poda tena, na safari hii nilisema mimi nitapanda. Kama ipo oili itakayorushwa, irushwe kwangu. Nikajifunga shuka jeupe kiunoni, nikakaa nyuma, mikono tumboni kwa Makasi.

Mizunguko ya mwanzo tulikwenda taratibu. Kisha nikamwambia aongeze. Akaongeza. Nikamwambia tena. Majirani walikuwa wanapiga makofi kila tukipita, shuka linapepea, upepo unaniingia masikioni, na mimi niliyekuwa nimenuna wiki nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Sijui kwa nini watu hawakuniambia kwamba pikipiki ni tamu hivyo.

Tuliposimama sikuthubutu kutazama. Makasi alipiga magoti na kioo chake. Alikagua juu, akakagua nyuma, akapitisha kidole chini ya bolti ya mwisho na kukiinua juani. Kilikuwa na poda tupu. Shuka langu lilikuwa na vumbi, basi.

Kesho yake tulikwenda pamoja, koti na taulo nikiwa nimevifua. Mlima wote nilikuwa nainama kutazama mguu wake wa suruali, mpaka akaniambia nikae vizuri nisije nikatuangusha. Mlangoni sista mkuu alimkagua koti mbele, akamwomba ageuke, akalikagua nyuma. Alinusa na taulo. Kisha akasogea kando, akasema maji ya moto yako tayari.

Mzee Wembe alikuwa kitanda cha mwisho, amejifunika shuka mpaka kichwani.

"Mzee," alisema Makasi, "ni mimi. Nimechelewa wiki moja."

Shuka halikusogea. Makasi alikunjua kiti kando ya kitanda, akaloweka taulo, akaanza kunoa wembe kwenye mkanda wake, taratibu, kwa mwendo ule aliofundishwa. Nadhani ni ule mlio uliofanya kazi. Shuka liliteremka lenyewe, mpaka puani, mpaka kidevuni.

Alimnyoa kwa muda mrefu. Alipita kando ya kila kidonda, akapangusa, akapaka, mpaka uso wa mtu ukatokea pale palipokuwa na kichaka. Machozi yalikuwa yanamteremka na hakuwa na mkono wa kuyafutia, nikamfutia mimi. Mwisho alimpaka poda kwa brashi ileile, akaweka wembe chini, akamwonyesha kioo.

Mzee Wembe alijitazama. Akainua mkono wake mmoja unaofanya kazi, akalipapasa shavu, akapapasa kidevu, akaupeleka mkono polepole mpaka nyuma ya sikio. Akatulia hapo. Kisha, kwa kidole kimoja, akamwita Makasi arudi.

"Umebaki mmoja," alisema.

Makasi aliukata. Baadaye mzee alimwomba sista amgeuzie mto, alale akitazama mlangoni, kwa sababu saa ya wageni ilikuwa inakaribia.